Tuijadili Palestina bila kuulizana dini

Katika vijiji vya Ufipa, kama Mwazye iliyolelewa na misheni ya Mapadre Weupe, Israeli wanayoijua watu wengi ni ile ya Musa, Daudi na manabii. Husomwa kanisani kila Jumapili na kuimbwa katika zaburi. Kwa hiyo habari za Gaza zinapofika redioni au kwenye simu, msikilizaji hakutani na dola iliyotangazwa Mei 1948, yenye bunge, jeshi na wapiga kura. Anakutana na taifa teule, na kuikosoa serikali yake humwia kama kuyakosoa Maandiko. Mwislamu wa Sumbawanga mjini hupokea habari hizohizo akiwa na Al-Quds, yaani Yerusalemu, moyoni, na kuwataja Waisraeli waliouawa na Hamas tarehe 7 Oktoba 2023 huweza kumwia kama kuwasaliti ndugu zake. Mazungumzo hufa hapo. Badala ya kuuliza nani kauawa, kwa amri ya nani na kwa haki gani, tunaulizana dini. Katika jambo hili hatujafungwa mdomo na sheria. Tumejifunga wenyewe kwa hofu ya kuhesabiwa upande.

Haikuwa hivi tangu mwanzo. Baada ya uhuru, Israeli ilikuwa miongoni mwa marafiki wa Tanganyika na ilitusaidia katika ushirika, kilimo na mafunzo ya vijana. Vita vya Siku Sita vilipopiganwa Juni 1967, Rais Julius Nyerere, Mkatoliki asiyeficha imani yake, alisimama Oktoba mwaka huohuo mbele ya mkutano wa chama chake cha TANU mjini Mwanza na kusema mambo mawili katika hotuba moja: kwamba Tanzania inaitambua Israeli na inataka urafiki nayo kama inavyoutaka na nchi za Kiarabu, na kwamba haiwezi kukubali ushindi wa vita uwe kibali cha kutwaa ardhi ya wengine. Oktoba 1973 Tanzania ikavunja uhusiano na Israeli, na PLO, chama cha ukombozi wa Palestina, kikapewa ofisi Dar es Salaam. Mwaka 1988 tukaitambua Palestina, mwaka 1995 tukarejesha uhusiano na Israeli, na mwaka 2018 tukafungua ubalozi Tel Aviv. Kila hatua katika hizo inaweza kubishaniwa, na ni vyema ibishaniwe. Lakini ubishi ule ulihusu ardhi, watu na haki yao ya kujitawala, kipimo kilekile tulichokitumia kwa Msumbiji na Afrika Kusini. Rais yule hakulazimika kuacha imani yake ndipo akitumie.

Mkatoliki wa Mwazye anaweza kujibu kwamba ardhi ile Mungu aliwaahidi wana wa Ibrahimu, na siasa haiwezi kushindana na ahadi hiyo. Hoja hii haistahili kubezwa. Inatoka katika imani ya kweli. Ila aliangalie Kanisa lake linavyotenda. Vatikani ilitia saini makubaliano na Israeli Desemba 1993, na Juni 2015 ikatia saini mkataba na Dola ya Palestina. Katika vita vya Gaza Papa Fransisko alikuwa akipiga simu karibu kila jioni kwa parokia ya Familia Takatifu mjini Gaza, hadi siku za mwisho za uhai wake. Julai 2025 parokia hiyo ilipigwa na kombora la Israeli, watu watatu wakafa na paroko akajeruhiwa. Waumini wale ni Wapalestina, na wanasali misa ileile inayosaliwa Ufipa. Na Bethlehemu, tunayoiimba kila Krismasi, ni mji wa Wapalestina. Anayedhani kwamba kuwatetea Wapalestina ni kuuacha Ukristo amewasahau Wakristo hao. Tena Waisraeli wenyewe hawanyamazi. B'Tselem, shirika la haki za binadamu la Waisraeli, lilisema Julai 2025 kwamba nchi yao inafanya mauaji ya kimbari Gaza. Serikali yao inalikana hilo kwa nguvu zote, lakini limesemwa, tena na raia wake. Itakuwa ajabu sisi wa mbali tuogope mjadala ambao wenye nchi wanaufanya hadharani.

Kipimo hicho cha haki kinawahusu wote. Siku ile ya Oktoba 2023 watu wapatao 1,200 waliuawa nchini Israeli na 251 wakachukuliwa mateka. Miongoni mwa waliouawa walikuwamo vijana wawili wa Kitanzania waliokwenda kujifunza kilimo. Serikali yetu ilithibitisha kifo cha mmoja Novemba na cha mwingine Desemba, na mwili wa huyo wa pili ulibaki Gaza hadi Novemba 2025. Ufipa inayoishi kwa mahindi na maharage inaelewa vizuri ndoto iliyowapeleka kule. Wapo walioshindwa kuwaomboleza waziwazi wasije wakaonekana wanaitetea Israeli, na hilo ni jambo la kutia uchungu. Wapo pia wanaosikia kwamba zaidi ya watu 60,000 wameuawa Gaza, kwa hesabu ya wizara ya afya ya huko, na hawatamki neno kwa sababu waliokufa ni Waislamu, au wanadhani wote ni Waislamu. Wengine huvuka mpaka upande wa pili, wakaigeuza hasira juu ya serikali moja kuwa chuki kwa Wayahudi wote. Tunajua chuki ya namna hiyo hufika wapi: Novemba 2002, hoteli ya Waisraeli iliposhambuliwa kwa bomu Kikambala, karibu na Mombasa, wengi wa waliokufa walikuwa Wakenya.

Pingamizi zito kuliko yote ni la amani yetu. Watu wema husema: tusiliguse, tusije tukawagombanisha Waislamu na Wakristo. Wana sababu ya kuogopa. Oktoba 2012 makanisa yalichomwa moto Mbagala, Dar es Salaam, na chanzo kilikuwa ubishi wa watoto kuhusu Kurani. Lakini moto ule haukuwashwa na mjadala wa watu wazima waliokaa wakasikilizana. Uliwashwa na habari iliyosambaa haraka kuliko maelezo yake. Gaza inatufikia leo kwa njia hiyohiyo, kwa video fupi za WhatsApp zisizo na tarehe wala mahali, kila kundi likitumiana zake. Padri na shehe wakinyamaza, mafundisho yanabaki kwa aliyerekodi video.

Wafipa wamesimulia tangu zamani jinsi wanawake wageni walivyofika kijiji cha Milansi wakati mtemi yuko mawindoni, wakautwaa utawala, na jinsi Milansi ilivyobaki na heshima yake. Habari ya aliyefika na ya aliyekutwa husimuliwa pamoja. Mwalimu wa historia katika sekondari za wilaya ya Kalambo, hukohuko Ufipa, anaweza kulifundisha suala la Palestina kwa namna hiyo. Aanze na mwaka 1948, ambao Waisraeli huusherehekea kama uhuru, baada ya Wayahudi milioni 6 kuuawa Ulaya, na Wapalestina huuomboleza kwa sababu watu wao wapatao 700,000 walikimbia au kufukuzwa makwao. Kisha awape wanafunzi hotuba ile ya Mwanza, Waislamu na Wakristo katika darasa moja, wabishane nayo.