Imeli zetu, funguo zetu: tuanze na jina, kiisha seva

Ndugu na dada, imeli zetu zinalala wapi usiku? Majina ya wenye walifungwa, namba za wenye walikubali kutoa ushuhuda, barua tunaandikia wakubwa wa inchi: karibu yote iko ndani ya seva za kampuni za mbali, chini ya sheria za inchi ingine. Artikle 31 ya Katiba yetu inalinda siri ya barua na mawasiliano ya kila mutu. Lakini haki bila mutu wa kuichunga inabaki karatasi.

Ndiyo maana tunaunga mukono vijana wenye wanajifunza kuweka seva ya imeli kwao nyumbani. Haiombe pesa ya ajabu. Kompyuta ndogo kama Raspberry Pi inakula umeme kidogo, betri na solari zinaitosha. Postfix inapokea na kutuma, Dovecot inakufungulia sanduku usome: zote mbili ni za bure. Umeme ukikatika, usiogope: seva ya mwenye kukuandikia inajaribu tena na tena, mara nyingi mpaka siku 4 ao 5, mbele ya kumurudishia imeli yake.

Lakini tusidanganyane. Kuna magumu matatu.

La kwanza ni mulango. Kampuni nyingi za intaneti zinafunga porti 25 kwa manyumba, na kwa mega za telefone munagawana adresi moja ya IP na watu wengi. Tena imeli yenye kutoka kwa adresi ya nyumba inatupwa mbio kwa spamu. Dawa yenye kutumika: kukodi seva ndogo kwenye intaneti iwe mulango tu, sanduku lenyewe libaki kwako. Kiisha uandikishe SPF, DKIM na DMARC. SPF inasema ni seva gani iko na ruhusa ya kutuma kwa jina lako, DKIM inatia muhuri, DMARC inaambia wengine wafanye nini na mwenye kujifanya wewe. Tangu mwezi wa 2 mwaka 2024, Gmail na Yahoo zinakaza sana juu ya mambo haya.

La pili ni ulinzi. Seva ikifika tu kwenye intaneti, maroboti inaanza kujaribu maneno ya siri, muchana na usiku. Basi: neno la siri refu, fail2ban ya kufungia wenye kujaribu sana, cheti cha bure cha Let's Encrypt, na programu kusasishwa kila juma. Hakikisha pia seva yako haitumie watu wasiojulikana imeli zao, juu jina lako ndilo litachafuka.

La tatu tunalijua siye wa hapa kuliko wale wenye kuandika vitabu: mwizi ao mwenye bunduki anaweza kuingia na kubeba seva chini ya kwapa. Diski ifungwe kwa shifre. Iko na bei yake: kila umeme ukirudi, mutu anapashwa kuandika neno la siri ndiyo seva iamke. Na kopi ikae muji mwingine.

Tukumbuke pia tarehe 31 desemba 2018, siku moja kiisha uchaguzi: intaneti ilikatwa inchi nzima, karibu siku 20. Siku kama hizo seva ya nyumbani haikufikishe Kinshasa. Ni wale tu wa wifi moja nayo ndio wataendelea kuandikiana.

Kwa hiyo musimamo wetu ni huu. Kila kikundi kianze kwa kununua domeni yake, na watu wawili wa kuaminiwa wachunge funguo zake. Hata kama leo sanduku liko kwa kampuni, siku mutataka kutoka mutatoka na adresi yenu. Kiisha muweke seva ya mazoezi. Siri ya mutu isiingie humo mbele hamujafaulu, hata mara moja, kurudisha imeli zote kutoka kwenye kopi. Na jina la shahidi lifungwe kwa OpenPGP kila mara, juu imeli inalala pia kwa yule mwenye kuipokea.

Shahidi alituaminia maisha yake. Sanduku bila mulinzi, hata likiwa letu, ni kumutoa kwa adui.