Kozi ya bure, anwani kwanza

Mwaka 2021 kampuni ya Marekani iitwayo 2U ililinunua jukwaa la kozi za mtandaoni la edX kwa dola milioni 800. Jukwaa hilo lilianzishwa mwaka 2012 na Harvard na MIT, likiwa si la faida, ili yeyote mwenye intaneti asome masomo ya vyuo vikuu bila kulipa. Mnunuzi alifuata nini kwenye kitu kinachotolewa bure? 2U haikuficha sana. Ilikuwa ikitumia fedha nyingi kuwasaka wanafunzi wa shahada za kulipia, na edX ilikuwa na mamilioni ya watu waliojileta wenyewe, kila mmoja akiwa ameacha barua pepe yake na alama za masomo anayoyapenda. Julai 2024, kabla hata miaka mitatu haijatimia, 2U ikakimbilia mahakamani kuomba kinga ya kufilisika. Aliyejisajili mwaka 2013 kusoma fizikia kwa shirika lisilo la faida, na akaisahau akaunti yake, alijikuta kwenye daftari la kampuni ya biashara iliyoelemewa na madeni.

Ndiyo maana sharti la “weka barua pepe kwanza” si utaratibu mdogo wa kupitwa haraka. Anwani ndiyo bei. Kozi inayoidai kabla ya kuonyesha hata somo la kwanza inauza, na ingekuwa uungwana iseme hivyo.

Watetezi wa sharti hilo hudai kwamba mfumo hauwezi kufanya kazi bila usajili. MIT ilikwisha kuwajibu zamani: mwaka 2001 ilitangaza mradi wake wa OpenCourseWare, ambao leo una kozi zaidi ya 2,500, na msomaji anachukua maelezo ya mhadhara, mazoezi na mitihani bila kutaja jina lake. Video za Khan Academy hutazamwa bila akaunti. OpenLearn, ya Chuo Kikuu Huria cha Uingereza, inasomeka hivyohivyo tangu mwaka 2006, na akaunti huhitajika pale msomaji anapotaka hati ya kuthibitisha kwamba amesoma.

Hapo ndipo penye haki. Cheti kinataka jina, na mfumo hauwezi kukumbuka kwamba mtu ameishia somo la nne kama haumjui ni nani. Duolingo, inayofundisha hata Kiswahili tangu 2017, humwachia mgeni afanye mazoezi ya mwanzo ndipo imwombe afungue akaunti. Anayeombwa wakati huo ameshaonja, anajua anatoa nini na anapata nini. Tatizo linaanza pale ruhusa mbili tofauti zinapofungwa pamoja: ya kutunza maendeleo ya masomo, na ya kutumiwa matangazo. Kisanduku cha tiki huja kimejazwa tayari, na mwanafunzi mwenye haraka anapita. Kozi anaweza kuiacha wiki ya pili. Barua za “punguzo linaisha usiku wa leo” haziachi kuja.

Kwa msomaji wa Ulaya hiyo inaweza kuwa kero tu. Afrika Mashariki hali ni nzito zaidi. Wengi hapa wana anwani moja, nayo ilifunguliwa na muuza simu dukani kwa sababu simu ya Android ilidai akaunti ya Google. Neno la siri lenyewe halikumbukwi. Anwani hiyohiyo ndiyo inayotumika kwenye mfumo wa maombi ya ajira serikalini Tanzania, na kwenye eCitizen nchini Kenya. Nafasi ya bure ya Google ni gigabaiti 15, na inagawanywa kati ya barua, picha na mafaili mengine. Matangazo yenye picha yanakula nafasi, yanakula bando, na yanaweza kuifunika barua moja ambayo kijana ameingoja miezi, ile ya kumwita kwenye usaili. Tena barua nyingi za aina hiyo zimefichwa kipicha kisichoonekana, ambacho humwarifu mtumaji kwamba barua imefunguliwa, na saa ngapi.

Halafu kuna wizi. Edmodo, iliyokuwa ikitoa madarasa ya mtandaoni bure kwa shule, iliibiwa taarifa za akaunti takriban milioni 77 mwaka 2017. Ilifungwa 2022. Mwaka uliofuata mamlaka ya biashara ya Marekani ikaitoza faini ya dola milioni 6 kwa kutumia taarifa za watoto kwenye matangazo bila idhini halali ya wazazi.

Sheria za kuzuia haya zipo hata kwetu. Sheria ya ulinzi wa data ya Kenya ya mwaka 2019 inakataza kutumia taarifa za mtu kwa biashara bila ridhaa yake, isipokuwa pale sheria yenyewe inaporuhusu, na Kamishna wa Ulinzi wa Data ameonyesha meno: Septemba 2023 alizitoza faini kampuni ya mikopo ya simu, baa moja ya Nairobi na shule iliyosambaza picha za wanafunzi. Tanzania ilipitisha sheria yake mwaka 2022, ikaanza kutumika Mei 2023, nayo inampa mtu haki ya kuzuia taarifa zake zisitumike kumtangazia biashara. Kuhusu tiki iliyojazwa mapema, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua Oktoba 2019, katika kesi ya Planet49, kwamba hiyo si ridhaa. Tume inayosimamia sheria ya Tanzania na ofisi ya Kamishna wa Kenya zingefanya vyema kutamka jambo hilohilo waziwazi, hasa sasa ambapo vyuo na mashirika ya hapa nayo yanafungua kozi za bure na kunakili fomu za wageni, tiki na yote.

Afueni kidogo imetoka kwa wenye mitambo ya barua. Tangu Februari 2024 Gmail na Yahoo zinawataka wanaotuma matangazo kwa wingi waweke njia ya kujiondoa kwa mbofyo mmoja. Mwenye Gmail pia ana hila yake: akiongeza alama ya kujumlisha na jina la kozi baada ya jina lake, kabla ya ile alama ya @, barua zitamfikia kama kawaida, na siku tangazo la mkopo au bahati nasibu litakapokuja kupitia anwani hiyo, atajua ni nani aliyeitoa. Baadhi ya fomu huikataa alama hiyo. Hapo ni bora afungue anwani ya pili kwa ajili ya kozi tu, ile ya kwanza ibaki ya waajiri.