Mpira umeonekana, sura je?

Nilikuwa kimya sababu ya test, mnajua wenyewe hali ilivyo. Leo sina stori ya kafeteria wala ya boom kuchelewa. Leo nina neno na nyie mnaosimama na kamera pembeni ya uwanja wa tenisi.

Wiki iliyopita zilibandikwa picha za mashindano ya hosteli kwenye ubao wa matangazo. Dada wa mwaka wa tatu aliyeshinda fainali nimemtafuta kwenye picha nne nzima. Raketi ipo, mpira upo, fulana nyeupe pe ipo, na juu ya shingo kuna kitu cheusi tii kilichovaa kofia. Eti ndio bingwa wetu! Watu wanapita wanacheka, "huyu nani, kivuli?" Mimi sikucheka. Yule dada anaomba skolashipu nje, anatakiwa atume picha zake akiwa mchezoni, na hana hata moja ambayo mtu akiiona atasema ni yeye.

Ukiuliza unaambiwa jua lilikuwa kali. Jamani, jua linasingiziwa. Kamera ukiiacha ijiamulie yenyewe, ikiona nguo nyeupe na ukuta mweupe inadhani mwanga umezidi, basi inapunguza. Nguo inatoka safi, uso mweusi unazama. Halafu ongeza kofia na jua la utosini la saa saba mchana, kivuli kinashuka mpaka kidevuni.

Hili sio la kwetu tu. Pale Wimbledon kanuni ni kuvaa nyeupe. Mwaka 2022 Angella Okutoyi wa Kenya alichukua pale ubingwa wa wasichana wa wachezaji wawili wawili, akicheza na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi. Ndiye Mkenya wa kwanza kushinda taji la vijana la Grand Slam. Sasa fikirini picha ya siku kama ile ipigwe na huyu wa kwetu wa ubaoni. Afrika Mashariki nzima ingekata gazeti na kubandika ukutani kofia na raketi.

Na dawa yenyewe wala sio ya gharama. Kamera nyingi zina kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa, sogeza upande wa kujumlisha. Kwenye simu nyingi gusa uso wa mchezaji kwenye kioo, halafu pandisha mwanga kwa kidole. Fulana ikiungua kidogo iungue, hakuna mama anayetaka kuona mikunjo ya fulana.

Kingine, mnaufukuza mno mpira. Mpira unakaa kwenye nyuzi za raketi kama sehemu tano tu kati ya elfu moja za sekunde. Ukisubiri uuone umegusa ndio ubonyeze, umeshaondoka. Sevu ya kilomita 200 kwa saa inakwenda mita 55 na ushee kwa sekunde, kwa hiyo hata kamera ikiwa kwenye 1/1000 mpira unasogea sentimita tano na nusu ndani ya picha, karibu upana wake wenyewe. (Hapa chuoni hakuna wa 200, msinicheke, lakini hesabu ni ile ile.)

Mtazameni mtu. Anaporusha mpira juu kutaka kupiga sevu, uso unainuka, unatoka chini ya kofia, na jua lile lile mnalolilaumu linaumulika wote. Hata saa saba. Ila hapo ndipo mchezaji anataka kimya kuliko wakati wowote, kwa hiyo zima mlio. Kamera yako ikiwa ya zile zinazogonga kha-kha-kha, rudi nyuma, au muache apige kwanza. Flashi ndio usiiguse kabisa.

Na pointi ikiisha msiangalie simu! Kanuni inampa mchezaji sekunde 25 mpaka sevu inayofuata. Hapo ndipo anapouma meno, anapojisemesha, anapokaza nyuzi kwa vidole, anapomwangalia kocha kama anataka kulia. Sura zote ziko hapo, na nyie ndio mnakunywa soda.

Mnaosema uzio wa waya unawaharibia: lenzi iwe karibu kabisa na waya, ipite kwenye tundu. Simu ndio inapita kirahisi zaidi.

Yule dada anacheza tena Jumamosi saa kumi jioni, na jua la saa kumi linaingia hadi chini ya kofia. Mwenye kamera aje, nimeshamwambia apumzikie upande wa magharibi akitazama huku kwetu... hapana, upande wa mashariki, ili jua limpige usoni. Tukutane getini saa tisa na nusu. Ngoja niwahi semina.