Shoga, Usirudie Wimbo Mmoja!

Shoga yangu ana saluni Kinondoni na tovuti ya kuitangaza. Kawaomba marafiki wote wamwekee kiungo chenye maneno yaleyale: "saluni Kinondoni". Akajiona mjanja! Thubutu. Google si mtoto. Aprili 2012 ilileta Penguin, ikawaporomosha wenye viungo vya kupanga. Tangu 2016 mara nyingi inavipuuza tu. Jasho la bure!

Halafu wateja hawatafuti kwa neno moja: huyu anataka kusuka rasta, yule kupamba maharusi. Basi kiungo cha rasta kiende ukurasa wa rasta, cha harusi kwenye wa harusi, na kila rafiki aseme kwa maneno yake. "Bofya hapa"? Achaneni nayo, haisemi kitu. Wiki ijayo tena!