Kindu: biskuti za Noeli zisingoje unga wa ndege

Desemba ikiingia, katika mji wa Kindu kuna swali ambalo wamama wanaulizana hata kabla ya lile la nguo za watoto: unga wa ngano umefika bei gani? Mwaka huu wa 2025 wanaliuliza kwa sauti ya chini, kwa sababu jibu wanalijua. Tangu vita vilipofika Goma mwisho wa Januari na kiwanja cha ndege cha mji huo kufungwa, njia iliyokuwa ikileta vitu vingi vya dukani imekatika. Mwezi uliofuata Bukavu nayo ikaingia mikononi mwa waasi wa AFC/M23. Gunia lililokuwa likipanda ndege asubuhi na kufika Kindu kabla ya chakula cha mchana, sasa linangoja treni ya upande wa Lubumbashi, ambayo mtu hawezi kuipangia siku, ao linatoka magharibi ya nchi kwa mto, linashushwa Kisangani, linapelekwa Ubundu, kisha linapakiwa tena katika boti za kupanda hadi Kindu. Kila mahali linaposhushwa, kuna mkono unaolipwa. Mkono wa mwisho ni wa mama anayenunua kopo moja ili apikie watoto biskuti za sikukuu.

Kuna watakaosema kwamba nchi iko vitani na biskuti si habari. Wakumbuke namna sikukuu inavyopita katika mitaa ya Kasuku, Mikelenge na Alunguli. Maniema ni jimbo ambalo Uislamu una mizizi ya zamani, na nyumba za Wakristo na za Waislamu zimeshikana ukuta kwa ukuta. Siku ya Noeli sahani inatoka kwa Mkristo, imefunikwa kitambaa, inaenda kwa jirani. Siku ya Idi inarudi, na hairudi tupu. Mama ambaye hana cha kuweka katika sahani hatangazi. Anafunga mlango mapema, anawaambia watoto wasicheze kwa fulani siku hiyo. Ukosefu wa aina hiyo hauandikwi katika ripoti yoyote, lakini ndio unaopunguza ujirani.

Basi tatizo ni ngano, na ngano haitakuwa rafiki wa Kindu hata vita vikiisha kesho. Mmea huu unapenda baridi ya milima. Mashariki mwa Kongo unalimwa kidogo, kwa mfano huko Lubero, na sehemu kubwa ya ngano inayoliwa nchini inatoka ng'ambo ya bahari. Mwaka 2022, Urusi ilipoishambulia Ukraine, bei ya ngano ilipanda duniani kote, na mama anayekaanga mandazi Kasuku akajikuta analipia vita vya watu ambao hana ugomvi nao. Miaka mitatu baadaye analipia vita vya karibu zaidi. Chakula cha furaha ya nyumba kikitegemea gunia linalotoka mbali hivyo, kila anayefunga njia anakuwa na neno la kusema jikoni mwa watu.

Na hali mchele upo. Maniema ni jimbo la mpunga. Unalimwa upande wa Kasongo, upande wa Kibombo kwenye reli, na katika vijiji vingi ambavyo vinaula kila siku bila kuuita utajiri. Jinsi ulivyofika huku ni historia yenye uchungu. Katika karne ya 19 wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili, Tippu Tip aliyezaliwa Zanzibar akiwa mkubwa wao, walifanya Nyangwe na Kasongo kuwa vituo vya kutafuta pembe za ndovu na watumwa. Hawakuja kwa wema, na hakuna sababu ya kuwapamba. Lakini walileta mpunga na lugha hii ya Kiswahili, na wakaaji wa Maniema walivifanya vyote viwili kuwa vyao.

Kitu kimoja inaonekana kilibaki pwani. Zanzibar na Mombasa, siku za Idi, wamama wanaoka biskuti ndogo za unga wa mchele zinazoitwa vileja: mchele, sukari, samli, mayai, harufu ya iliki. Hakuna ngano ndani. Zinavunjika mdomoni kama mchanga mtamu na watoto wanazimaliza kabla ya wageni kufika. Watu waliokula vileja ndio waliopanda mpunga wa Kasongo, lakini leo Kindu, mahali penye mpunga, biskuti ya Noeli inahesabiwa kuwa biskuti ikiwa tu imetoka katika gunia la ngano.

Kazi yake haihitaji mradi wala semina ya siku tatu yenye fulana na picha ya pamoja. Mchele unalowekwa usiku, unachujwa, unatandazwa kivulini juu ya kitambaa hadi ukauke nje huku ndani ukibaki laini, kisha unatwangwa katika kinu na kuchekechwa. Kwa vikombe vinne vya unga, kikombe kimoja na nusu cha sukari kinatosha, na kiasi hicho hicho cha samli ao majarini, mayai mawili ao matatu, na iliki kama ipo. Hamira si lazima. Mkate unahitaji ngano kwa sababu unga wake unavutika na kushika hewa. Biskuti haitaki kuvutika, inataka kushikana tu, na kazi hiyo mafuta na mayai wanaiweza. Mawese yanaweza kujaribiwa na nyumba isiyo na majarini, lakini kwa joto la Kindu yanakuwa maji, kwa hiyo biskuti zinatambaa na kushikana, na ladha yake si ya kila mtu. Karanga zilizotwangwa laini zinasaidia zaidi: zina mafuta yake na zinapunguza majarini ya kununua.

Tanuri la umeme ni habari ya nyumba chache. Zinazobaki zina mbabula na makala, na hiyo inatosha. Sufuria kubwa inawekwa mchanga mkavu chini, juu ya mchanga sahani ya bati yenye biskuti, kisha kifuniko, na makala ya moto juu ya kifuniko. Kosa la wengi ni kuacha moto wa chini uwe mkali: biskuti zinaungua tumboni na kubaki nyeupe mgongoni. Moto wa juu ndio uwe mkubwa. Biskuti za mchele hata zikiiva hazigeuki rangi sana, na zikitolewa zikiwa moto zinavunjika, kwa hiyo ziachwe zipoe palepale. Anayejaribu mara ya kwanza ataharibu sahani moja. Afadhali aharibu ya mchele kuliko ya ngano.

Pingamizi la bei ni la haki. Mwisho wa mwaka mchele nao unapanda, kwa kuwa kila nyumba inataka wali wa sikukuu, na mvua za Desemba zinaifanya barabara ya udongo ya kutoka Kasongo kuwa mtego wa malori. Lakini unga hauhitaji mchele mzuri. Unahitaji ule uliovunjika, ambao sokoni unauzwa kwa bei ya chini kwa sababu haupendezi katika sahani ya wageni. Katika kinu utavunjwa tu, kwa hiyo hakuna hasara. Hapo mama mwenye franka chache ana nafasi ambayo gunia la ngano halimpi. Na mama anayeuza biskuti kwa bakuli kichwani, ambaye unga ukipanda analazimika kuzifanya ndogo hadi wateja wanacheka, naye ana kitu cha kuuza.

Pingamizi gumu zaidi ni la aibu. Biskuti ya pakiti iliyotoka nje inaonyesha kwamba baba amefanya kazi. Ya mchele inafikiriwa kuwa ya kijiji. Hilo halibadilishwi kwa hotuba ya gavana. Linabadilika sahani ya kwanza nzuri inapofika kwa jirani na jirani akauliza imetengenezwaje. Kwa kuwa Idi ya kumaliza Ramadani itaangukia Machi 2026, sahani zitakazotoka Noeli na Bonane zina muda wa miezi mitatu tu kabla hazijajibiwa.

Viongozi wa jimbo wana deni lao, nalo ni barabara na reli, na wanalijua. Deni dogo ni la wenye mashine za kusaga. Wengi wanasaga mahindi na mihogo peke yake na hawapendi mchele, maana mashine lazima isafishwe kwanza, na mchele wenye majimaji unaganda ndani yake. Kutwanga kwa mkono kwa ajili ya nyumba moja kunawezekana. Kwa ajili ya kuuza, mabega yanakataa. Mwenye mashine ambaye, kuanzia tarehe 20 Desemba, atasafisha mashine yake jioni na kuanza asubuhi na mchele uliokauka vizuri, kabla ya muhogo wa kwanza, atapata wateja waliopanga foleni na bakuli zao tangu alfajiri.