Kosa si la Mtoto, ni la Rafu



Zipo nyumba hapa Temeke na Kinondoni ambamo baba amerithi mashine ya santuri na sahani zake, na tangu hapo watoto hawaruhusiwi kucheza sebuleni. Mtoto akiruka, sindano nayo inaruka, na mtoto anakula kofi. Mama mwenzangu, kabla hujamchapa, kagua kwanza pale mashine ilipowekwa.

Kazi ya sindano ni kusoma mtikisiko. Mfereji wa sahani ni mwembamba kama unywele, na sindano huukanyaga kwa uzito wa gramu mbili hivi tu. Haijui mtikisiko upi ni wa wimbo na upi ni wa lori linalopita Barabara ya Kilwa au wa mchi unaotwanga uani. Spika zikikaa juu ya kabati hilo hilo, sauti yao huirudia sindano na mashine huanza kuvuma. Na sindano ikiruka mara kwa mara huikwaruza sahani, kovu lisilo na dawa.

Pima hivi. Weka bilauri ya maji juu ya rafu, mwanao atembee, kisha aruke. Maji yakicheza, rafu ni mgonjwa. Halafu igonge kwa kidole kama tunavyogonga kifua cha mgonjwa hospitalini. Ikilia kama ngoma, hiyo ni dalili mbaya. Mlio mzito na mfupi ndio tunaoutaka.

Sasa tuchague vifaa:

1. Plaiwudi nyembamba hulia kama ngoma, na kioo hulia kama kengele. Viache.

2. Ubao wa maranda yaliyogandishwa hunywa unyevu wetu wa pwani, ukavimba na kupinda katikati.

3. Mninga au mvule wa unene wa inchi moja na nusu unafaa sana. Waulize mafundi seremala wa Keko kama wana vipande vifupi vilivyobaki.

4. Graniti ya kaunta za jikoni ni nzito na haitikisiki upesi, lakini ikilazwa peke yake hulia. Iwekee mpira chini, kila pembe kipande. Kandambili kuukuu inatosha.

5. Sponji ya godoro usiitumie. Hubonyea upande mmoja, mashine ikalala na sindano ikaelemea.

Sakafu ya saruji iliyo juu ya ardhi ni msaada mkubwa; mara nyingi mwenye kosa ni kabati lenye miguu inayocheza. Ikaze miguu hiyo, au fundi afunge rafu kwenye ukuta wa matofali kwa vyuma na skrubu, mbali na mlango unaobamizwa. Spika zipewe mahali pao. Mwisho, fundi aweke pima maji juu ya rafu ahakikishe imelala sawa.

Tahadhari moja: jiwe la sentimeta 45 kwa 35, lenye unene wa sentimeta 3, lina uzito wa kilo 13 hivi. Usiliweke juu ya rafu iliyoshikwa kwa misumari, wala pale mtoto anapoweza kulivuta. Santuri haina thamani ya kichwa cha mtoto.

Ukishamaliza, rudia kipimo cha bilauri. Maji yakitulia, waite watoto waje wacheze, na baba achague wimbo.