Tatizo Siyo Kompyuta, ni Tunavyohifadhi

Masika iliyopita maji yaliingia bweni letu la chini. Mafundi wakaja na futi, wakaanza kupima ukuta kwa ukuta, wakati kuna kundi la jiomatiki lililopima bweni hilohilo na kulichora kwa pande tatu wakiwa mwaka wa mwisho. Kazi yao iko wapi? Kwenye flashi ya mtu aliyeshahitimu.

Ukiuliza kwa nini michoro hii haiunganishwi iwe chuo kizima, unaambiwa mafaili ni mazito, kompyuta za maabara zinakwama, tusubiri bajeti. Jamani, tusidanganyane.

Chukua chumba chenye umbo la boksi. Kina kona 8. Kwenye faili la CityGML, muundo wa kimataifa uliopitishwa 2008, kwa kawaida kila upande unaandika kona zake upya, na ya kwanza inarudiwa mwishoni ili kufunga umbo. Pande 6 mara nukta 5: nukta 30 kwa boksi la kona 8! Na kila nukta ina namba tatu ndefu zenye desimali. Hapo bado hujaweka dirisha.

CityJSON, iliyoanzia chuo kikuu cha Delft, Uholanzi, inaandika kila kona mara moja kwenye orodha. Ukuta unataja tu kona namba ngapi. Desimali nazo zinageuzwa namba kamili. Faili linashuka hadi karibu moja ya sita, na hakuna ukuta uliopotea.

Ila faili dogo nalo bado ni faili. Tukitaka chuo kizima kikae pamoja, tunahitaji kanzidata. 3DCityDB ni ya bure na inakaa juu ya PostgreSQL ambayo tunafundishwa tayari. Unaomba majengo yaliyo karibu na mtaro, unaletewa hayo tu. Ni kweli toleo la nne lina majedwali 66, na mimi lilinitoa jasho wiki nzima (toleo la tano limeyapunguza sana, afadhali). Lakini laptopu yangu ya kawaida iliyabeba mabweni mawili bila kulalamika.

Kwa hiyo ombi langu kwa idara ni moja: mradi usisahihishwe kabla haujaingizwa kwenye kanzidata ya chuo. Serikali ya wanafunzi ipeleke hoja hiyo kikaoni muhula huu. Mabweni yangu mawili yako tayari.